Uzoefu wangu: duka la oili mjini Nakuru ambalo halitaki mteja asome nyuma ya dumu

Nimekaa majuma kadhaa kabla ya kuandika haya, nikitumaini kwamba hasira itapoa. Haijapoa. Kila asubuhi ninapowasha gari bado natega sikio, na kila ninapotega sikio namkumbuka mwenye duka lile akiniambia, mbele ya wateja wengine watatu, nimwite mzee wa gari ili azungumze naye.

Gari ni langu. Nimelinunua kwa mkopo wa sako ambao mpaka leo ninakatwa kwenye mshahara. Ni Volkswagen Passat ya mwaka 2012, injini ya lita 1.4 yenye turbo, na lilikuja kutoka Japani kama magari mengi ya Ulaya tunayoyaona hapa Nakuru. Kwa sababu hiyo kitabu chake ni cha Kijapani mwanzo hadi mwisho, lugha nisiyojua hata herufi yake moja. Lakini tarakimu hazina lugha. Kwenye ukurasa wenye picha ya dumu linalodondosha tone, katikati ya maandishi yale, nilikuta pamechapishwa VW 502 00, nikainakili kwenye kipande cha karatasi na kukitia mkobani. Hiyo ndiyo idhini ambayo kiwanda kinaitaka kwenye oili ya injini yangu, nami nilikuwa nimeuliza na kusoma vya kutosha kujua kwamba idhini ndiyo inayotafutwa kwanza, hata kabla ya jina la kampuni.

Nilifika dukani mchana, nikamsalimia, nikamnyooshea karatasi. Hakuipokea. Aliitazama ikiwa mkononi mwangu, akasema, "Mama, hiyo achana nayo. Chukua hii, 5W-30, sinthetiki safi. Subaru zinatumia, Prado zinatumia, hakuna aliyerudi kulalamika." Nikalichukua dumu na kuligeuza ili nisome nyuma, mahali ambapo watengenezaji huorodhesha idhini zao kwa herufi ndogo. Hapo ndipo alipolinyakua kutoka mikononi mwangu. Ninasema alilinyakua kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, hata kidole changu kilikwaruzwa na mpini. "Hayo ya nyuma ni maneno ya wazungu tu. Oili ni oili. Ama umwite mzee wa gari tuongee naye."

Ningeondoka. Mpaka leo najilaumu kwamba sikuondoka. Lakini gari lilikuwa tayari limeinuliwa, oili ya zamani inachuruzika kwenye beseni, na bila oili mpya nisingetoka pale. Nililipa shilingi 6,500, filta na kazi vikiwemo, nikanyamaza.

Sasa nieleze kwa nini yale "maneno ya wazungu" si upuuzi, maana najua wako wengi watakaojibiwa hivyo hivyo. Zile tarakimu kubwa za mbele ya dumu, kama 5W-30, hueleza mnato peke yake: ya kwanza, inayofuatwa na W, ni jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi, na ya pili ni uzito wake injini inapokuwa na joto la nyuzi 100. Lakini ndani ya turbo na kwenye beringi za injini oili hupitia joto kali zaidi, tena ikiwa imebanwa kati ya vyuma viwili vinavyozunguka kwa kasi. Kwa hiyo kuna kipimo kingine cha mnato kinachochukuliwa kwenye nyuzi 150. Viwango vya ACEA, chama cha watengenezaji wa magari wa Ulaya, vya A3/B4 na C3, ambavyo idhini kama VW 502 00 hujengwa juu yake, hutaka kipimo hicho kisipungue 3.5. Oili nyingine ya 5W-30, iliyotengenezwa kwa magari ya Kijapani na Kimarekani ili kupunguza matumizi ya petroli, inaruhusiwa kushuka hadi 2.9 na bado ikaandikwa 5W-30 kwa herufi zile zile kubwa. Madumu mawili yatalingana mbele kama mapacha, na tofauti yao yote iwe nyuma. Hata neno "sinthetiki" halimalizi mjadala. Kampuni ya oili ya Mobil ililalamika Marekani kwamba mshindani wake Castrol inaita sinthetiki oili iliyotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu, mwaka 1999 malalamiko yakakataliwa, na tangu wakati huo neno hilo limebandikwa juu ya vitu vya aina nyingi. Halafu, hata unaposoma nyuma, tazama neno lililotangulia idhini. Kama ni kwamba oili imeidhinishwa, kiwanda cha gari kimeipima na kuikubali. Kama ni kwamba "inafaa" au "inapendekezwa" kwa magari yanayotaka VW 502 00, hayo ni maneno ya muuzaji wa oili mwenyewe.

Haya yote yangesomwa kwa dakika moja. Dakika moja, na dumu lilikuwa mkononi mwangu!

Kilichofuata ndicho kilichonikosesha usingizi. Injini yangu hubeba takriban lita 3.6, filta ikiwa mpya. Dumu lilikuwa la lita nne, nao wakalimimina lote, kisha wakaliacha limeinama juu ya tundu mpaka tone la mwisho likashuka. Kulikuwa na kijana wa kazi pale, bado mwanafunzi wa ufundi, ambaye alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha na kukichomoa tena. Nilimwona akikitazama, akikigeuza, akikitazama tena. Akasema kwa sauti ya chini, "Bosi, imepita alama." Bosi wake hakugeuza hata shingo. "Itajipanga barabarani," akasema, na boneti ikafungwa.

Itajipanga barabarani! Oili ikizidi hufika mahali ambapo krenki inaipiga inapozunguka, ikafanya povu kama sabuni, na povu halisukumiki vizuri wala halilainishi chuma sawasawa. Hewa iliyochanganyika na oili husukumwa kwenye bomba la pumzi ya injini, oili ikaingia mahali pa kuchomea petroli, na zile sili za mpira zikaanza kusukumwa nje. Haijipangi popote.

Asubuhi ya siku iliyofuata, ile baridi ya Nakuru ya kabla ya jua kutoka, niliwasha gari nikasikia mlio ambao sikuwahi kuusikia: kama sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo la bati, kwa sekunde tatu au nne, kisha kimya. Siku ya tatu vile vile. Injini hii ina cheni ya taiming, na kikazio cha cheni hiyo hufanya kazi kwa presha ya oili, kwa hiyo oili ikichelewa kufika, cheni hulegea na kugongagonga. Nilirudi dukani, kwa adabu kabisa, nikaomba angalau asikilize. Hakusogea kwenye kiti. "Gari za Ulaya ndivyo zilivyo, mama. Uza ununue Axio." Wale waliokuwa wameketi pale wakacheka.

Mwisho wa juma nilikuwa na safari ya kumwona mama yangu Kisumu, nami sikutaka kuiahirisha. Kupanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit, malori mbele yangu, niliona kwenye kioo moshi wa rangi ya samawati. Mwanzoni nilidhani ni wa lori. Nilipokata kushoto kuelekea Londiani na barabara ikawa tupu, moshi ulikuwa bado unanifuata, ukaja na harufu ya oili iliyoungua hadi ndani ya gari. Nilisimama mara mbili kabla ya Kericho. Kuteremka kupitia Awasi na Ahero hadi Kisumu nilikwenda mwendo wa jeneza, macho kwenye dashibodi, nikisubiri taa ya oili iwake. Haikuwaka, namshukuru Mungu.

Ndugu yangu alinipeleka kwa fundi mmoja upande wa Kondele, na hapa hasira yangu naiweka kando kidogo kwa sababu mtu huyu anastahili kusimuliwa. Alinipokea na kusema, "Karibu dada, lieleze gari lako," kisha akanyamaza mpaka nikamaliza. Alilihamisha gari hadi mahali pa usawa, akazima injini, akaacha oili iteremke kama dakika kumi huku akizungumza na ndugu yangu mambo ya mpira. Kisha akachomoa kijiti, akakilaza juu ya karatasi nyeupe, akaniita nione mwenyewe. Doa la oili lilikuwa limepita alama ya juu kwa upana wa kidole. Akafungua filta, akaipangusa, akanionyesha vile vitundu vidogo vinavyozunguka mdomo wake. Nyuma ya vitundu panatakiwa pawe na mpira laini unaofunga injini ikizimwa, ili oili ibaki juu na isirudi yote chini. Aliniambia nitie kalamu. Nilitia, ikaingia moja kwa moja bila kugusa chochote laini. Mpira haukuwepo kabisa.

Halafu akasema jambo lililonivuruga. Nilikuwa nimefika pale nikiamini oili ile ndiyo iliyoniulia injini, naye akasema hapana. Moshi umetokana na kujaza kupita kiasi. Mlio wa asubuhi umetokana na filta. Oili yenyewe si sumu, kwenye Subaru au Axio ingefanya kazi yake vizuri, na kwenye injini yangu kwa siku chache isingeleta hasara ya kuonekana, ingawa kwa miezi mingi ya milima na turbo ingeacha alama. Kwa hiyo nalazimika kusema kwa haki: lile dumu nililolilaani barabara nzima, kosa lake lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Hata nilifikiria kutoandika chochote. Yule mwenye duka hakuniuzia oili bandia, na bei yake haikuwa mbaya.

Lakini kadiri ninavyolifikiria ndivyo linavyozidi kunichoma. Mtu asiyesoma nyuma ya dumu ndiye huyo huyo asiyesoma ujazo wa injini, ndiye huyo huyo asiyegeuza filta kutazama mdomo wake, na ndiye huyo huyo anayemnyamazisha kijana aliyepima na kuona. Kama angeipokea karatasi yangu na kusoma tarakimu tano tu, angekumbuka kwamba gari hili si lile la jana. Sitaki kusikia tena kwamba eti nimekuza mambo.

Fundi wa Kisumu alinitilia 5W-40 ambayo nyuma yake pameandikwa VW 502 00 chini ya orodha ya idhini, pamoja na A3/B4. Alimimina kidogo kidogo na kupima mara tatu, kisha akanikabidhi dumu na oili iliyobaki, akaniambia niiweke kwenye buti kwa ajili ya kuongezea. Nilipomuuliza kuhusu gari la dizeli la jirani yangu alinionya tusiazimane: dizeli yenye kichujio cha moshi hutaka oili yenye majivu machache, VW 507 00, au 229.51 kwa Mercedes, au Longlife-04 kwa BMW, la sivyo kichujio huziba. Na hizi mpya za 0W-20 zenye idhini ya VW 508 00 zisikaribie injini ya zamani kama yangu. Kuhusu kilomita, aliniambia nibadilishe kila elfu saba au nane, kwa milima hii na vumbi hili, hata kama dumu linaahidi zaidi.

Asubuhi iliyofuata, uani kwa mama, niliwasha gari. Kimya. Mama alitoka na kikombe cha chai kuuliza kwa nini nimekaa ndani ya gari na siondoki.

Niliporudi Nakuru nilipita dukani na ile filta, nikiwa nimeifunga kwenye gazeti. Niliiweka juu ya kaunta na kueleza kilichokosekana ndani yake. Mwenye duka aliisukuma kando kwa kiganja akaendelea na simu. Basi nilikuwa nimeazimia kuandika kwamba mtu yeyote asikanyage pale, na bado nasema msikanyage. Isipokuwa yule kijana alitoka nyuma, akaichukua filta, akatia ncha ya bisibisi kwenye vitundu kimoja kimoja, kisha akanifuata mpaka kwenye gari. Aliniuliza zile namba nilizokuja nazo siku ile zilikuwa zipi na mtu huzisoma wapi. Nilimfungulia buti, nikaligeuza dumu la Kisumu, tukasoma pamoja, na karatasi yangu nikamwachia.