Kipimajoto cha nyama choma: kipime chenyewe kabla hakijapima nyama

Nimekitumia kipimajoto changu cha sindano muda wa kutosha kukisemea. Ni kile cha kidijitali kinachokunjwa kama kisu cha mfukoni: unachoma nyama, namba inatokea kwenye kioo. Kwangu kinafaa sana, ila usikiamini kabla ya kukijaribu.

Jaribio la kwanza ni barafu. Jaza glasi barafu iliyopondwa, mimina maji ya kuziba mianya tu, koroga, kisha zamisha ncha katikati bila kugusa glasi. Changu kilishuka taratibu kikatulia kwenye 0.2. Safi kabisa.

Maji ya kuchemka ndiyo yanayowachanganya wengi hapa Nairobi. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za sentigredi, si 100. Sufuria ikitokota ukasoma 94, kipimajoto ni kizima, usikirudishe dukani! Wa Mombasa ndiye atakayesoma 100. Ndiyo maana mimi nategemea barafu, kwani haijali uko mwinuko gani.

Ile saa ya joto iliyofungwa kwenye kifuniko cha jiko usiitumie kuamulia nyama. Inapima hewa ya juu, karibu na kifuniko. Ukirundika makaa upande mmoja, joto la wavuni ni jingine kabisa.

Sasa nyama yenyewe. Kwenye paja la mbuzi naingiza sindano polepole huku macho yako kwenye kioo. Namba inashuka kadiri ncha inavyozama, halafu ikishapita katikati inaanza kupanda tena. Ile ya chini kabisa ndiyo ninayoihesabu, maana hapo ndipo pabichi kuliko kwingine. Mfupa naukwepa, kwa sababu ncha ikiugusa namba haisemi tena habari za nyama. Viwango ninavyofuata ni vya Wizara ya Kilimo ya Marekani: kuku 74, nyama ya kusaga 71, na nyama nzima ya ng'ombe au mbuzi 63 kisha ipumzike dakika 3. Mbuzi wetu huwa tunampitisha hapo kwa mbali, tunapenda aive. Lakini kwa kuku sikubali kukisia tena. Ngozi inaweza kuwa ya kahawia inayong'aa huku ndani, pale paja linapoungana na mwili, bado hapajafika hata 65.

Kasoro zipo. Maelezo ya boksi yanasema sekunde 3, lakini namba hutulia baadaye kuliko hapo, kwa hiyo subiri isimame. Hakina kitufe cha kukirekebisha kikianza kupotoka. Mvuke nao hufunika kioo. Nikinunua kingine nitaongeza pesa nipate chenye taa, maana choma zetu nyingi hufika usiku na ni shida kusoma namba kwa tochi ya simu.