TAHADHARI: Helmeti za "ECE" za 75,000 zinazouzwa WhatsApp ni feki

Wakuu, kuna muuzaji anazungusha helmeti kwenye magrupu ya waendesha pikipiki hapa Dar, na za mikoani anazituma kwa basi. Anasema mzigo umetoka Italia, una ECE (alama ya Ulaya kwamba helmeti imepimwa usalama), na bei ni 75,000 "kwa wiki hii tu". Wiki hiyo haijaisha tangu mwaka jana. Jina la duka siandiki kwa sababu ameshabadilisha ukurasa na laini. Mkikariri jina atakuja na jingine. Karirini mzigo wenyewe na namna anavyouuza.

Helmeti ni ya kufunika uso mzima, nyeusi isiyong'aa au nyekundu, kioo cha giza, na nyuma ina stika ya duara iliyoandikwa E3 na safu ya tarakimu chini yake. Kwa macho inavutia, siwadanganyi. Vijana wawili wa kijiweni kwetu walinunua kwa nyakati tofauti. Mmoja aliniletea yake kioo kimechomoka, tukaiweka kando ya ile ya mwenzake, ndipo tukaona tarakimu za kwenye stika zinafanana mpaka ya mwisho.

Kwenye helmeti halali hilo haliwezekani. Namba ya ECE ina mpangilio wake: tarakimu mbili za mwanzo zinaonyesha toleo la kanuni ya helmeti, ambayo ni namba 22: 05 ni 22.05 na 06 ni 22.06. Zinazofuata ni kibali cha modeli, kisha mkwaju na herufi, halafu namba ya helmeti hiyo moja ilivyotoka kiwandani. Kila kichwa na namba yake. Sasa angalia vituko: boksi lake limeandikwa 22.06 lakini namba inaanza na 05. Herufi ni J, ambayo ni ya helmeti ya uso wazi isiyo na kinga ya kidevu. Ya uso mzima iliyopimwa mpaka kidevuni huwa na P. Aliyechapa amenakili stika ya helmeti nyingine kabisa, na wala hakujua anachonakili.

Halafu E3 yenyewe haimaanishi imetengenezwa Italia. Ni namba ya nchi iliyotoa kibali. E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E9 Uhispania, na helmeti ya kiwanda cha China inaweza kuwa na E3 ya halali kabisa. Lebo ya ECE kwa kawaida hushonwa kwenye mkanda wa kidevu. Ya huyu jamaa mkandani hakuna kitu, ni stika ya nyuma tu, na unaibandua kwa ukucha.

Siku hizi zipo alizobandika DOT, alama ya usalama ya Marekani, badala ya ECE. Hiyo ni rahisi zaidi kughushi, maana Marekani mtengenezaji anajithibitishia mwenyewe, serikali inakuja kupima baadaye sampuli za sokoni. Lakini tangu 2013 stika ya DOT inatakiwa iwe na jina la mtengenezaji, modeli, na maneno FMVSS No. 218 na CERTIFIED. Ukikuta DOT peke yake kwenye helmeti mpya, iache hapo hapo.

Tuachane na stika, maana stika haikukingi na kitu. Tulitoa kitambaa cha ndani. Utosini kuna kipande cha povu gumu jeupe, lile la kwenye maboksi ya TV, unene hata sentimita moja haufiki. Pembeni kwenye panja na kisogoni hakuna povu kabisa, ni sponji iliyogundishwa kwenye plastiki. Povu gumu ndilo linalofanya kazi kwenye helmeti: kichwa kikigonga linapondeka, na kule kupondeka ndiko kunakomeza nguvu ya pigo kabla haijafika kwenye fuvu. Helmeti ya maana inalo la unene wa sentimita mbili na nusu hivi. Sponji inabonyea mara moja, pigo linapita lote. Tuliiweka kwenye mzani wa muuza mchele, haikufika kilo. Za uso mzima zilizopimwa kihalali nyingi zinavuka kilo moja na robo. Mkanda wa kidevu umeshikwa na ribiti nyembamba, na upande mmoja ulichomoka kwa kuvuta kwa mkono. Yaani ukianguka, helmeti inaweza kutangulia na kichwa kikafuata peke yake. Helmeti ya namna hiyo bila stika inauzwa barabarani 25,000. Hizo 50,000 za juu unalipia karatasi.

Anavyouza sasa. Anataka hela yote kwanza, kwa namba ya mtu binafsi, si lipa namba ya duka. Risiti ya EFD hatoi. Ukiomba picha ya lebo ya mkandani anakutumia picha safi kweli, ila ni ya helmeti nyingine. Ukimwomba aipige tena huku ameshika kwa mkono ile atakayokutumia, mtandao unamsumbua. Kijana wetu alipomuuliza kuhusu namba kufanana alijibiwa kwamba "stika zilikosewa kiwandani", akaambiwa arudishe kwa nauli yake, kesho yake akablokiwa.

Ana pia "mtumba wa Japani" uliopakwa rangi upya. Huo sijaufungua. Ila povu likishapondeka kwenye ajali moja halirudi, na rangi mpya ndiyo inayoficha ajali hiyo, kwa hiyo mimi mtumba uliopakwa rangi sivai hata nikipewa bure.

Ambao mmeshanunua, msizitupe na msimrudishie. Piga picha ya stika, tunza boksi na meseji za muamala. Mali bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC), na ubora wa bidhaa ni wa TBS. Tunataka kupeleka malalamiko kwa pamoja. Mwenye stika ya E3 aweke hapa tarakimu nne za mwisho. Zetu zote mbili zinaishia na 0417.