Kibao cha puani cha kuachisha ndama: chukua cha bapa, cha miiba kiache dukani

Kibao hiki cha plastiki hubanwa puani mwa ndama bila kutoboa. Ndama analala na mama yake, analambwa, anakula majani na kunywa maji. Akiinua kichwa kutafuta chuchu, kibao kinamziba mdomo. Kwa kazi ya kuachisha ni kizuri. Kinakaa siku 5 hadi 7, ndipo ndama anatengwa, na kelele za usiku kucha hupungua sana kwa kuwa hakunyimwa maziwa na kutengwa na mama kwa siku moja.

Tatizo ni kile cha miiba. Kinamchoma mama kiwele, naye anamrushia ndama teke. Kwa zebu (ng'ombe wa asili wenye nundu) na chotara wengi wa Tabora hiyo ni hasara, maana hawa hushusha maziwa kwa kuguswa na ndama; wakishamkataa, wanabana maziwa. Nyati wa maziwa wa India (si mbogo wa Ugalla, tusichanganye) ni mgumu zaidi: karibu maziwa yake yote hukaa juu ndani ya tezi, hivyo bila ndama au kusuguliwa kiwele vizuri mkamuaji anavuta chuchu tupu.

Kwa hiyo ng'ombe anayekamuliwa kwa msaada wa ndama, ndama wake asivishwe kibao, hata cha bapa. Mwache anyonye kidogo, mfunge mbele ya mama amlambe, osha chuchu, kamua umalize ndani ya dakika 5 hadi 7. Homoni ya kushusha maziwa haingoji mtu anayepiga soga.

Wakati wa kumvisha ndama kibao, vifundo vyake viguse ukuta wa kati wa pua bila kuubana. Ukikaza, utapata kidonda na nzi. Ukilegeza, kibao kinabaki malishoni. Kagua kila jioni. Maji yawekwe kwenye beseni pana: kwenye ndoo nyembamba kibao kinagonga ukingo, ndama anashinda na kiu, na joto la Oktoba hapa halina huruma. Asivishwe kabla hajazoea kula pumba na majani ya kumshibisha.

Kuna faida ya pembeni. Kunyonyesha huchelewesha mama kurudi kwenye joto (kutaka dume). Ndama akiacha na dume akiwa karibu, hurudi mapema. Andika tarehe ya kupandwa, hesabu siku 21 uone kama joto linarudi. Dume wa kuazima apimwe brusela (ugonjwa wa kutupa mimba) kwanza.