Uzoefu wangu: minivani iliyozima barabarani na miezi mitatu ya kusubiri pampu

Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye familia kubwa, hasa sisi tunaoishi Marekani, ambao mara nyingi gari la kwanza la maana tunalolinunua ni minivani iliyokwisha tumika. Langu lina viti saba, na nililinunua kwa muuza magari wa hapa Louisville, Kentucky, likiwa na umri wa miaka minne. Sitaji jina la mtengenezaji wala la karakana yake, kwa sababu ninachotathmini ni huduma ya wito wa usalama, yaani pale mtengenezaji anapokiri kwamba magari yake yana kasoro ya hatari na kuwataka wenyewe wayarudishe yatengenezwe bure.

Kwa miezi mitano ya kwanza sikuwa na la kulalamikia. Kisha, Jumamosi moja, tulikuwa tukienda arusini Lexington kwa barabara kuu ya 64, na tulikwisha kupita Shelbyville. Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alikaa kando yangu. Mke wangu na watoto wanne walikuwa nyuma. Nilikuwa katika mwendo wa maili 70 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 112, na nyuma yangu kulikuwa na lori lenye tela. Injini ikakohoa mara mbili, kisha ikazima. Nilikanyaga mafuta, hapakuwa na jibu. Usukani ukawa mzito mikononi. Breki ilishika vizuri nilipoikanyaga mara ya kwanza, lakini mara ya pili ikawa ngumu kama jiwe, kwa kuwa kifaa kinachousaidia mguu wa dereva hutegemea mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini, na injini ikishazima hubaki akiba ya kukanyaga mara mbili tatu tu. Mama alikuwa akisoma Ya Latifu kwa sauti. Nikawasha taa za dharura, nikaliacha gari liteleze hadi pembeni, na lile lori likatupita likipiga honi ndefu ambayo watoto wangu bado wanaizungumzia.

Baada ya robo saa gari liliwaka kama kwamba hakuna kilichotokea, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Fundi wa mtaani kwetu alilipima kwa kompyuta, hakuona kosa lolote. Aliyenifungua macho ni rafiki yangu Mkongo, dereva wa malori, ambaye aliniuliza swali moja: "Kaka, umeangalia namba ya chesisi?" Nilikuwa sijawahi kusikia kwamba namba ile yenye tarakimu na herufi 17, inayoonekana chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, mtu anaweza kuiingiza katika tovuti ya NHTSA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia usalama wa magari, na kuoneshwa papo hapo kama gari lake lina wito ambao haujashughulikiwa. Langu lilikuwa nao. Wito ulitolewa miezi mitatu kabla sijalinunua, na ulihusu pampu ya mafuta: ndani yake kuna kigurudumu cha plastiki chenye mapezi, ambacho kikifyonza petroli huvimba, kikasuguana na ukuta wa pampu, na hatimaye kikagoma kuzunguka. Pampu ikigoma, mafuta hayafiki kwenye injini. Ikipoa kidogo, huweza kuzunguka tena, na ndiyo maana fundi wangu hakuona kitu.

Kumbe barua ilikwenda kwa mwenye gari wa kwanza. Muuzaji hakunieleza, na nilipofuatilia niligundua kwamba sheria ya serikali kuu haimlazimishi. Gari jipya lenye wito haliruhusiwi kukabidhiwa mnunuzi kabla ya kutengenezwa. Kampuni za kukodisha zenye magari zaidi ya 35 nazo zimezuiwa, tangu mwaka 2016, kumkodisha mtu gari la namna hiyo. Ila muuza magari yaliyotumika hajazuiwa, na wanunuzi wake wakubwa ndio sisi. Pengo hili linaniumiza kuliko kasoro yenyewe ya pampu, na sioni kwa nini msafiri anayekodi gari kwa siku mbili alindwe kuliko mama anayewapeleka watoto shule kila siku.

Sasa nieleze huduma yenyewe. Nilipopiga simu karakana ya mtengenezaji, niliambiwa kwa adabu kwamba vipuri havijafika na kwamba nitapigiwa. Nikauliza kama ni salama kuendelea kuliendesha. Jibu lilikuwa kwamba naweza, ila nikiona dalili nililete. Nikasema dalili nimekwisha kuiona nikiwa na roho saba ndani ya gari, jibu halikubadilika. Hapo nawapa alama ya chini kabisa. Mtu aliyefunzwa kupokea simu za wito wa usalama anapaswa kujua tofauti kati ya gari linaloweza kuzima na gari lililokwisha kuzima.

Msidhani ninakuza jambo. Uchunguzi wa wakili Anton Valukas kuhusu swichi za kuwashia magari za General Motors, uliotolewa mwaka 2014, ulionesha kwamba kwa miaka mingi wahandisi wa kampuni ile walilihesabu suala la injini kuzima kuwa ni usumbufu kwa mteja, si suala la usalama. Swichi ikiteleza, injini ilizima, na mifuko ya hewa nayo ikanyimwa umeme. Mfuko wa fidia ulioanzishwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Ndiyo maana neno "usumbufu" sitaki kulisikia tena.

Kilichonisaidia ni kuacha kuwapigia karakana na kumwandikia mtengenezaji mwenyewe, nikieleza tarehe, mahali, mwendo na idadi ya abiria, na kuomba gari la kuazima mpaka pampu ifike. Walinipa namba ya faili, na siku ya tisa nikapewa gari. Hakuna aliyekuwa amenidokeza kwamba linapatikana. Ni mpaka uombe, tena kwa maandishi. Vilevile niliwasilisha malalamiko NHTSA, na ninawasihi wenzangu wasilione jambo hilo kuwa kazi bure. Mwishoni mwa mwaka 2017 shirika la Center for Auto Safety liliifikishia mamlaka hiyo malalamiko ya wenye minivani za Chrysler Pacifica za mwaka huo, zilizokuwa zikizima barabarani. Januari 2018 ukatoka wito wa magari yapatayo 150,000. Kule tatizo lilikuwa programu ya kompyuta ya injini, tofauti na langu, lakini lilianza kwa watu wa kawaida walioandika yaliyowapata.

Pampu ilifika baada ya miezi mitatu. Kazi yenyewe ilifanywa vizuri: saa mbili na nusu, fundi akanionesha pampu ya zamani, na karatasi ya malipo ikasoma sifuri. Haki hiyo ya kutengenezewa bure hudumu miaka 15 tangu gari liuzwe likiwa jipya. Aliyekwisha kubadilisha pampu kwa fedha zake na atunze risiti, kwa sababu mtengenezaji anatakiwa awe na utaratibu wa kumrudishia. Tangu siku ile nimekwenda zaidi ya maili 6,000, Lexington mara nne, na injini haijakohoa.

Kwa ufundi nawapa alama tano kati ya tano. Kwa mawasiliano, moja. Gari lenyewe ningelinunua tena, lakini nisingelipa hata dola moja kabla ya kuiingiza namba ya chesisi kwenye simu nikiwa nimesimama pale pale mbele ya muuzaji.

Jambo moja bado linanikaa moyoni. Kaka yangu Dar es Salaam anawabebea wanawe katika minivani iliyotoka Japani, na barua za wito hazivuki bahari kumfuata mnunuzi wa tatu. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ya tarakimu na herufi 17, hivyo tovuti ya Marekani haiyatambui. Ni lazima utafute kwa namba ya fremu katika tovuti za watengenezaji wa kule, ambazo ni za Kijapani, lakini programu za kutafsiri zinatosha. Nimemwomba anipigie picha kibati chenye namba hiyo. Amesema atanitumia leo jioni akitoka kazini.