Hawkeye namba 19: katuni ya shujaa kiziwi inayomtaka msomaji anayesikia ajitahidi

Kati ya vitabu vya katuni za mashujaa vilivyojaribu kumweka kiziwi katikati ya hadithi, sijasoma kinacholifikia toleo la 19 la Hawkeye, lililotolewa na kampuni ya Marvel mwezi Julai 2014, likiwa limeandikwa na Matt Fraction, kuchorwa na David Aja na kutiwa rangi na Matt Hollingsworth. Mazungumzo mengi yenye uzito katika toleo hilo yamechorwa kwa Lugha ya Alama ya Marekani, na hakuna tafsiri iliyowekwa chini ya picha wala pembeni mwa ukurasa. Msomaji anayeijua lugha hiyo anasoma moja kwa moja, na asiyeijua anabaki kukisia. Nimelisoma mara nyingi, na kila mara nimethibitisha kwamba linastahili sifa lililopewa, ingawa lina mapungufu ambayo wasifiaji wake wengi huyapita kimya.

Hadithi yenyewe ni rahisi kufuata kwa msomaji anayejua yaliyotangulia. Clint Barton, ambaye ndiye Hawkeye, mpiga upinde asiye na nguvu zozote za ajabu, anaishi katika jengo la ghorofa huko Brooklyn, na genge la wahalifu linataka kuwafukuza wapangaji wote. Katika toleo la 15 muuaji wa kukodiwa anayejipaka uso kama mchekeshaji wa sarakasi anavamia jengo, anamchoma Clint masikioni kwa mishale yake mwenyewe na kumpiga risasi kaka yake, Barney. Toleo la 19 linaanzia kwenye matokeo ya shambulio hilo: Barney yuko kwenye kiti cha magurudumu, na Clint hasikii. Tunarudishwa pia utotoni mwao, katika nyumba ya baba mlevi na mkatili, na hapo tunatambua kwamba Clint amewahi kupitia ukimya huu akiwa mtoto, na kwamba alama wanazotumia ndugu hawa ukubwani walijifunza wakati ule. Sasa Clint amejifungia ndani ya hasira na aibu yake, na Barney hamwachi, hadi wapangaji wa jengo wanapokutanishwa ili wajiandae kulilinda kwa pamoja.

Ufundi wa toleo unaonekana zaidi katika viputo vya maneno. Clint anapokuwa mbele ya daktari, viputo vinavyotoka mdomoni mwa daktari ni vitupu. Umbo la kiputo lipo, mkia wake unaelekea kwa msemaji, lakini ndani hamna kitu, kwa hiyo tunajua kwamba jambo limesemwa, pengine jambo zito kuhusu hali ya masikio yake, nasi tumenyimwa kama yeye alivyonyimwa. Kwingine, Clint anapojaribu kusoma midomo, kiputo kinabeba mabaki tu ya sentensi, neno hapa na kipande cha neno pale. Hii ndiyo picha ya kweli zaidi ya usomaji wa midomo niliyoiona katika katuni za aina hii, kwa sababu sauti nyingi hutengenezwa ndani ya kinywa na kooni ambako jicho halifiki, na hata zile zinazotengenezwa kwa midomo hazitofautiani zote. Mtu akisimama mbele ya kioo na kutamka taratibu, bila kutoa sauti, maneno «mama», «baba» na «papa», ataona midomo ikifanya kitu kilekile mara tatu. Kiziwi anayesoma midomo hujaza pengo kwa kutumia muktadha, uzoefu na bahati, na anachoka sana kwa kazi hiyo. Fraction na Aja wameuelewa uchovu huo na kuuweka kwenye ukurasa.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, maana usomaji wa midomo una historia chungu. Mkutano wa kimataifa wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880, ambao wajumbe wake karibu wote walikuwa watu wanaosikia, uliazimia kwamba ufundishaji kwa matamshi na midomo upewe nafasi juu ya lugha ya alama, na kwa miongo mingi baadaye shule nyingi za Ulaya na Marekani ziliwazuia watoto viziwi kutumia mikono yao kuzungumza. Ndiyo maana mwandishi wa hadithi anapomchora kiziwi anayesoma kila mdomo bila kukosea, anarudia, hata kama hakukusudia, lile dai la zamani kwamba kiziwi hahitaji lugha yake iwapo atafunzwa kutazama vizuri nyuso za wengine.

Katuni za mashujaa zimeirudia dhana hiyo kwa muda mrefu. Clint mwenyewe alipoteza usikivu kwa mara ya kwanza katika mfululizo mfupi wa Hawkeye wa mwaka 1983 ulioandikwa na Mark Gruenwald, pale alipong'ata kichwa cha mshale wa mlio mkali ili asitawaliwe akili na adui. Baada ya hapo alivaa vifaa vya kusaidia kusikia, akaendelea kuzungumza na wenzake karibu kama kawaida, na miaka ya 1990 usikivu wake ukarudishwa kwa njia za kimiujiza. Maya Lopez, anayejulikana kama Echo, aliyebuniwa na David Mack na Joe Quesada na kuonekana mara ya kwanza katika katuni ya Daredevil mwaka 1999, ni mhusika ninayemheshimu zaidi, kwa kuwa ni kiziwi tangu mwanzo na uziwi wake haukuja kuponywa. Hata hivyo, kipaji chake cha kuiga chochote anachokiona kimefanya usomaji wake wa midomo uwe laini mno, kiasi kwamba katika kurasa nyingi za waandishi waliomrithi mtu anaweza kusahau kwamba hasikii. Nafurahi kwamba kwenye runinga amechezwa na Alaqua Cox, mwigizaji ambaye ni kiziwi, kwanza mwaka 2021 na kisha katika tamthilia yake mwenyewe ya mwaka 2024, ambamo lugha ya alama imepewa nafasi ambayo katuni zilikuwa bado hazijaizoea.

Turudi kwenye toleo letu. Alama zimechorwa kwa namna ya vitabu vya kufundishia: kiwiliwili cha mtu, mikono, na mishale midogo inayoonyesha mkono unaelekea wapi. Fraction alieleza wakati toleo linatoka kwamba msomaji akichanganyikiwa, kuchanganyikiwa huko kumekusudiwa, kwa kuwa kunampa mtu anayesikia nafasi ya kuonja jinsi ilivyo kwa mwingine. Nakubaliana na uamuzi huo bila kusita. Tafsiri ingewekwa chini ya fremu, jicho la msomaji anayesikia lingekimbilia maandishi na kuiacha mikono kama pambo. Bila tafsiri inambidi aitazame mikono, alinganishe alama iliyojitokeza ukurasa mmoja na ile iliyorudi mbele, asome mabega na macho ya wahusika, na akubali kwamba kuna watu wanaolisoma toleo hili kwa ukamilifu kuliko yeye. Katika katuni za kampuni kubwa, ambazo kwa kawaida hazimwachi msomaji wa kawaida nyuma hata hatua moja, uamuzi huu ulihitaji ujasiri.

Lakini mbinu hiyohiyo ndiyo inayoleta pungufu kubwa la toleo. Mwaka 1960 William Stokoe, aliyekuwa akifundisha katika Chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi mjini Washington, alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba alama za viziwi wa Marekani zina muundo wa ndani kama lugha nyingine yoyote: umbo la mkono, mahali unapowekwa, na mwendo wake. Watafiti waliofuata waliongeza uelekeo wa kiganja na kazi ya uso, kwani nyusi zikipandishwa kauli inaweza kuwa swali, na kichwa kikitikiswa kauli inaweza kuwa kanusho. Picha iliyosimama hubeba umbo na mahali bila shida, huashiria mwendo kwa mshale, na kwa urahisi sana huupoteza uso. Kalamu ya Aja hupunguza mistari hadi ibaki ile ya lazima tu, na mtindo huo unaofaa kabisa kwa mapigano na kwa majengo ya New York unayaacha baadhi ya maongezi haya yakiwa na mikono hai na uso usiosema kitu. Anayeijua lugha ya alama anaona mara moja kwamba nusu ya sarufi imeachwa nje ya fremu. Simlaumu mchoraji kwa kutokuweza kuichora filamu kwenye karatasi, lakini nadhani fremu kubwa zaidi na nyuso za karibu zaidi zingesaidia, hata kwa gharama ya kurasa mbili za ngumi.

Pungufu la pili ni la upweke. Katika toleo hili hakuna kiziwi mwingine. Clint anaijua lugha ya alama, lakini anaitumia zaidi na kaka yake anayesikia, na hadithi haijui kwamba kuna watu waliozaliwa katika lugha hiyo, wanaotaniana, kugombana na kubembelezana kwayo kila siku. Uziwi unaingia kama jeraha, kupitia ngumi za baba na mishale ya muuaji, ilhali viziwi wengi wamezaliwa hivyo au wamepoteza usikivu utotoni kwa homa ya uti wa mgongo, surua na maradhi mengine, na hawayaoni maisha yao kama matokeo ya kushindwa vita. Namwelewa mwandishi anayetaka shujaa wake aanguke ili ainuke, lakini msomaji kiziwi anastahili siku moja kumwona shujaa ambaye hakuangushwa na uziwi wake.

Kwa upande mwingine, yule kaka anayesikia ndiye mhusika ninayemthamini kuliko wote humu. Nchini Marekani zaidi ya watoto 9 kati ya 10 viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi wao hukulia katika nyumba ambamo hakuna mtu aliyejifunza lugha yao vya kutosha kuwapa habari za siku, sembuse ushauri. Barney ni mwizi, ni mwongo, na matoleo yaliyotangulia hayakutupa sababu kubwa ya kumwamini, ila alijifunza. Alipokuwa mtoto alichukua muda wa kuijua lugha ambayo ndugu yake angeweza kuipokea, na miaka mingi baadaye mikono yake bado inaikumbuka. Sijui mfano mwingine katika katuni za mashujaa ambapo upendo wa ndugu umepimwa kwa kipimo hicho. Mzazi mwenye mtoto kiziwi asome toleo hili kwa ajili ya Barney, hata kama hajali lolote kuhusu mishale na magenge.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayetumia lugha ya alama anapaswa kufahamu mapema kwamba alama zilizochorwa humu ni za Marekani. Lugha ya Alama ya Tanzania na Lugha ya Alama ya Kenya ni lugha nyingine, zenye misamiati yake, na mtu anayezungumza mojawapo atatambua baadhi ya maumbo na kukwama kwenye mengine. Hilo halimnyimi ladha ya hadithi, ila linazua swali ambalo wachoraji wetu wanaweza kulijibu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na nchini Tanzania wachora vibonzo wana wasomaji waaminifu tangu zamani. Ningependa sana kuona kitabu cha hadithi za picha ambacho alama zake ni za huku kwetu, kilichochorwa kwa ushauri wa viziwi wenyewe tangu rasimu ya kwanza, ili mtoto wa shule ya viziwi ya Tabora afungue ukurasa na kuusoma kabla ya mwalimu wake anayesikia.

Kwa anayetaka kununua, njia rahisi ni gombo la nne la mfululizo huu, liitwalo Rio Bravo, ambalo lina toleo la 15 na la 19 pamoja na hitimisho la hadithi nzima katika toleo la 22. Usinunue toleo la 19 peke yake kama hujasoma la 15, kwa sababu wahusika hawatambulishwi upya na shambulio lenyewe halielezwi tena. Kitabu hakifai kwa watoto wadogo kutokana na damu na ukatili wa nyumbani uliomo, lakini kijana wa sekondari anaweza kukisoma. Nakala za kidijitali zipo pia, na hapa nina angalizo moja: programu za kusomea katuni kwenye simu zina mpangilio wa kuonyesha fremu moja baada ya nyingine, na mpangilio huo unaliharibu toleo hili kabisa, kwani alama moja mara nyingi hukamilika kwa kuziona fremu mbili au tatu kwa pamoja. Zima mpangilio huo, utumie kioo kikubwa iwezekanavyo, na usome ukurasa mzima kwa mkupuo mmoja.