Uzoefu wangu na meikapu ya asili: iliyonikubali na iliyonikataa

Niseme mapema kwamba ngozi yangu ni nyeusi, ya mafuta, na inakasirika haraka, maana ukisoma maoni ya mtu kuhusu meikapu bila kujua ngozi yake ikoje hayakusaidii kitu. Nilianza kutafuta vitu vya asili sababu ya vipele vidogo vidogo vya kwenye paji la uso na pembeni ya pua, yaani nikipaka fondesheni yangu ya kawaida vinaongezeka, nikipumzika vinapungua, nikipaka tena hao wanarudi. Sikubadilisha vyote kwa mpigo, nilikuwa nabadilisha kimoja naacha vingine vilevile mpaka nione ngozi inasemaje, na nashauri mtu yeyote afanye hivyo, la sivyo hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekuharibia.

Iliyonikubali kuliko zote ni fondesheni ya unga ya madini. Kiukweli hii naipenda sana. Ukisoma nyuma ya kopo unakuta vitu vichache tu: maika, zinki oksidi, titani dioksidi na oksidi za chuma. Hakuna maji, na pasipo maji bakteria hawapati pa kuzaliana, kwa hiyo haihitaji vihifadhi vingi kama krimu. Zinki inanyonya mafuta vizuri, ile hali ya uso kung'aa ifikapo mchana imepungua sana, na paji la uso limetulia kuliko lilivyokuwa. Ila hapa kwenye rangi wenzangu wenye ngozi nyeusi tusikilizane. Hizi poda rangi yake yote inatoka kwenye oksidi za chuma, kuna nyekundu, ya njano na nyeusi, kwenye lebo zinaandikwa kwa namba za rangi, CI 77491, CI 77492 na CI 77499, halafu weupe unatoka kwa titani ambayo ni CI 77891. Kampuni ikizidisha titani basi wewe utatoka kama umepakwa majivu, hata kama jina la shedi limeandikwa nyeusi au kahawia iliyokolea. Na kampuni nyingi za asili shedi zao za watu weusi ni chache kweli, unakuta za weupe zimepangana msururu mzima sisi tumeachiwa mbili tatu za mwisho, hilo linaniudhi na nitaendelea kulisema. Mimi ninachofanya sasa napaka kidogo kwenye taya kushuka shingoni, natoka nje kwenye mwanga wa jua, nasubiri mafuta ya ngozi yangu yachanganyike nayo ndo naangalia, maana ikishalowa mafuta inakolea na rangi uliyoiona mwanzo siyo utakayobaki nayo.

Kitu kingine nilichojifunza, hizo oksidi za chuma za kwenye meikapu hazichimbwi ardhini zikasagwa tu, zinatengenezwa kiwandani. Kuna watu wakisikia hivyo wanaona wameibiwa. Mimi naona ndo vizuri, kwa sababu zile za kuchimba zinaweza kuja na madini ya sumu kama risasi na aseniki, na hata kanuni za COSMOS zinazosimamia vipodozi vya asili zinaruhusu hizi za kiwandani. Sitaki risasi usoni kwangu eti kwa sababu imetoka kwenye udongo.

Na hapohapo niguse wanja. Ule wanja wa jiwe la kusaga unaosifiwa kuwa ni wa asili asilimia mia, mara nyingi lile jiwe ni galena, na galena ni salfaidi ya risasi, yaani ni risasi yenyewe unaipaka pembeni ya jicho. Marekani FDA, yaani mamlaka yao ya chakula na dawa, hawauruhusu kabisa wanja wa aina hiyo kutumika kama rangi ya vipodozi. Kama una mtoto mdogo ndani usimpake, nakuomba. Mimi nilichukua penseli yenye oksidi nyeusi ya chuma na nta, haikolei sana, inabidi urudierudie, lakini jicho halinichomi.

Fondesheni ya krimu ya asili hapana, imenikataa. Sababu yake ukiielewa huwezi hata kuilaumu. Zile za kawaida zimejaa silikoni, tafuta jina dimethicone kwenye lebo utalikuta, ndo inayofanya krimu iteleze, ifunike matundu na ikae bila kusogea. Za asili zenye nembo haziruhusiwi silikoni, kwa hiyo zinatumia mafuta ya mimea na nta, sasa weka mafuta juu ya ngozi ambayo tayari ina mafuta uone. Ikifika mchana imejikusanya kwenye mikunjo ya pembeni ya mdomo. Moja niliyojaribu ilikuwa na mafuta ya nazi kwenye nafasi za juu kabisa kwenye orodha ikaniletea chunusi kwenye kidevu, nyingine yenye jojoba ilikuwa na nafuu kubwa, nadhani kwa kuwa jojoba kiasili ni nta ya kimiminika inayofanana kidogo na mafuta ya ngozi yetu wenyewe. Kama ngozi yako ni kavu wewe huenda ukaipenda hata zaidi ya unga, ipashe kwanza moto kwenye vidole, bonyezabonyeza usisugue.

Rangi ya mdomo sasa! Hapa sirudi nyuma tena. Zinatengenezwa kwa mafuta ya nyonyo, nta ya nyuki au nta za mimea kama kandelila na kanauba, na mafuta ya shea kidogo, midomo inalainika, ile kubabuka niliyokuwa nayo imeisha. Halafu fikiria tu, rangi ya mdomo unaila, ukinywa chai inaenda, ukilamba mdomo inaenda, kwa hiyo kama kuna kitu kimoja cha kuanzia kubadilisha anza na hiki. Shida ni rangi zenyewe. Ukipenda pinki kali ile ya kuwaka hutaipata, kwa sababu rangi za kutengenezwa kama CI 15850 zimekatazwa kwenye bidhaa zenye nembo ya asili, zinabaki oksidi za chuma zinazotoa wekundu wa tofali na kahawia, na kamini ambayo ni CI 75470. Kamini inatoa wekundu mzuri sana ila inatoka kwa wadudu wanaoitwa kochinili wanaoishi kwenye mimea ya kaktasi, kwa hiyo ni ya asili lakini kama hutumii vitu vya wanyama hiyo siyo yako. Ile ya juisi ya bitiruti nayo nilijaribu, inapendeza ukitoka nyumbani, baada ya muda mfupi haipo.

Maskara sitaki kuizungumzia sana. Imenimwagikia chini ya macho kila nilipoivaa. Za kawaida zina plastiki fulani inayokauka na kushika kope, hizi zina nta na gundi ya mgunga tu, joto na mafuta ya uso vikigusana nayo inayeyuka. Uzuri wake inatoka kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua.

Blashi ya krimu ilinichoma mashavu, na haikuwa kemikali za kiwandani, yalikuwa mafuta ya manukato ya machungwa na lavenda. Angalia majina limonene, linalool, citral, geraniol, Ulaya sheria inalazimisha yaandikwe kwenye lebo yakizidi asilimia 0.001 kwa vitu vinavyobaki kwenye ngozi, kwa kuwa yanasumbua baadhi ya watu. Siku hizi nanunua zisizo na harufu tu, na kitu kipya chochote nakipaka kwanza nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko nakiacha siku moja hadi mbili kabla hakijagusa uso.

Kuhusu lebo, usidanganyike na majani ya kijani yaliyochorwa kwenye kopo. FDA hawana tafsiri ya kisheria ya neno asili wala oganiki kwenye vipodozi, mtu yeyote anaweza kuliandika. Tafuta nembo, kwa mfano COSMOS au NATRUE. COSMOS wana mbili, Natural na Organic, na ile ya Organic kwa kitu cha kupaka na kubaki nacho kwa kawaida lazima angalau asilimia 20 ya bidhaa nzima iwe oganiki. Watu wanaona 20 ni kidogo, ila maji na madini hayahesabiwi kuwa oganiki kwa sababu hayalimwi, kwa hiyo poda iliyojaa madini imewekewa asilimia 10 tu, na hata hiyo, iwe safi vipi, inaweza kuhangaika kuifikia, ndo maana nyingi utazikuta na ile ya Natural na hazina ubaya wowote. Kwenye orodha, vilivyolimwa kioganiki huwekewa kinyota.

Kwa sasa kila siku natumia poda ya madini na rangi ya mdomo, vyote vya asili, na penseli ya wanja nikijisikia. Maskara nimerudia ya kawaida. Siku ya sherehe ndefu ya kucheza na kupigwa picha mpaka usiku, fondesheni yenye silikoni bado naipaka, naivua usiku uleule na asubuhi yake uso naupumzisha.