Mzalendo: Tovuti ya kumfuatilia mbunge, na mahali ambapo lazima ufungue Hansadi mwenyewe

Nina saiba ndogo karibu na stendi ya matatu, kaunti ya Kilifi, Kenya. Kazi zangu za kila siku ni eCitizen ya huduma za serikali, KRA ya kodi, fomu za basari na kuprinti barua za kupeleka kwa chifu. Lakini tangu Juni 2024, Bunge lilipopigia kura Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi, kuna kazi nyingine iliyoingia bila mimi kuitangaza popote: watu wanakuja kuuliza mbunge wao alipiga kura vipi. Wanataja jina la mheshimiwa na wanataka jibu hapo hapo. Kwa ajili hiyo naifungua tovuti ya Mzalendo karibu kila wiki, na nimeona niandike maoni yangu, maana ni kitu cha thamani ambacho wengi wanakisoma kwa haraka na kutoka na picha isiyo kamili.

Ilikotoka ni muhimu kujua. Mwaka 2005 Ory Okolloh na Conrad Akunga waliianzisha wakati ambapo tovuti ya Bunge lenyewe ilikuwa imefungwa, baada ya baadhi ya wabunge kulalamika kwamba wasifu wao umeanikwa hadharani. Mtu amechaguliwa na wananchi, analipwa na wananchi, halafu masomo yake na kazi alizowahi kufanya ziwe siri! Wawili hao wakaamua kukusanya habari za Bunge wenyewe na kuziweka mahali ambapo kila Mkenya angezisoma. Mwaka 2012 tovuti ilijengwa upya kwa programu huria ya mySociety ya Uingereza, na siku hizi inaendeshwa na shirika la Mzalendo Trust. Kuisoma ni bure.

Matumizi yake ni rahisi. Unatafuta kwa jina la mbunge au kwa eneobunge, unapata ukurasa wake: chama, kiti anachokalia, na maneno aliyoyasema Bungeni yaliyotolewa kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa Bungeni, kila moja na tarehe yake. Mteja akiuliza kuhusu mbunge, mimi humfungulia pia mwakilishi wa wanawake wa kaunti na seneta. Watu wanasahau kwamba wana wawakilishi watatu kule Nairobi. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimtoa Spika: 290 wa maeneobunge, wawakilishi wa wanawake 47 na wateule 12. Seneti ina maseneta 67. Katika wote hao watatu ni wako wewe, na hasira zote hupelekwa kwa mmoja tu.

Sasa nieleze namna inavyosaidia. Mama mmoja anayeuza viazi karai pale nje ya stendi alikuja wakati ule wa Mswada wa Fedha wa 2024. Mswada ulivyoletwa mwanzo ulitaka ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia yatokanayo na mimea, na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwenye mkate. Yeye hakuwa na haja na maandamano wala vyama. Alitaka kujua jambo moja: "Huyu wetu, kwenye mafuta, alisemaje?" Tukafungua ukurasa wa mbunge, tukashuka taratibu. Barabara ipo. Maji yapo. Rambirambi zipo. Mafuta hayapo. Akaniuliza, "Kwa hiyo alinyamaza?" Nikamwambia alinyamaza ukumbini, lakini hilo halituambii alipiga kura gani, tena kipengele cha mafuta chenyewe kiliondolewa kabla ya kura, pamoja na kile cha mkate. Ilibidi tufungue Hansadi ya siku ya kura. Tulipolikuta jina lake kwenye orodha, mama alilisoma kwa sauti mara mbili, akaomba nimprintie ukurasa ule.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kinachotangazwa sana kuhusu Mzalendo ni ile ripoti yao ya kila mwaka inayopanga wabunge na maseneta kwa wingi wa kuzungumza. Ikitoka, magazeti na redio hushika mambo mawili tu: nani kaongoza, na nani hakufungua mdomo mwaka mzima. Kwa wiki nzima stendi inasema mheshimiwa fulani ni bubu. Shirika lenyewe limekuwa likieleza kwamba hesabu hiyo inatokana na Hansadi ya vikao vya ukumbini, haigusi kazi za kamati. Maelezo hayo hayafiki stendi. Inayofika ni orodha.

Na ukizisoma hotuba zenyewe, badala ya idadi, unaona tofauti kubwa. Kuna mchango unaoanza, "Asante Mheshimiwa Spika wa Muda kwa kunipa nafasi hii nami niunge mkono hoja," ukaendelea kumpongeza aliyeleta hoja, ukarudia aliyosema mwenzake, ukaisha. Kuna mwingine wa sentensi nne unaomtaka mwenyekiti wa kamati aeleze kwa nini hospitali fulani haijapelekewa dawa, na wizara lini itajibu. Kwenye hesabu, michango hii miwili ni sawa, kila mmoja ni mmoja. Mbunge anayeshinda kamatini akichambua vitabu vya mkaguzi mkuu, ukumbini akasimama mara chache, ataonekana mvivu. Aliyezoea kusimama kila hoja ya pongezi ataonekana jembe. Kwa hiyo nawasihi wateja: usisome namba, bofya usome maneno. Tovuti imekupa maneno hayo bure, na ndiyo hazina yake.

Kura ni habari nyingine, na hapa kosa si la tovuti yoyote. Mambo mengi Bungeni huamuliwa kwa sauti. Spika anauliza swali, wanaokubali wanapaza sauti, wanaopinga wanapaza zao, Spika anatangaza upande ulioshinda. Hansadi inaandika mstari mmoja kwenye mabano kwamba swali limeulizwa na kukubaliwa. Basi. Hakuna jina hata moja. Mbunge wako anaweza kuwa alisema ndiyo, la, au alikuwa mkahawani akinywa chai, na hakuna mtu duniani atakayekuonyesha kwa maandishi. Akidi yenyewe, yaani idadi ya chini inayotakiwa ukumbini, kwa Katiba ni wabunge 50 tu kati ya hao 349. Ukisikia "Bunge limepitisha", jiulize walikuwa wangapi ndani.

Majina hupatikana pale tu kura inapohesabiwa mtu mmoja mmoja. Hapo Hansadi hupanga orodha: waliokubali kwanza, waliopinga, kisha waliojizuia. Kwa Mswada wa Fedha wa 2024 hilo lilifanyika mara mbili, ndiyo maana ule mwaka ni darasa zuri. Juni 20, mswada uliposomwa mara ya pili, 204 walikubali na 115 walipinga. Juni 25, uliposomwa mara ya tatu, 195 walikubali na 106 walipinga, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia majengo ya Bunge. Kesho yake Rais Ruto akatangaza hatautia sahihi.

Watu wengi waliangalia siku ya pili tu. Mimi nawaonyesha zote mbili, kwa sababu pande zote mbili zilipungua ndani ya siku tano. Ukijumlisha kura za Juni 20 unapata 319. Za Juni 25, pande hizo mbili, ni 301. Ukitoa kutoka 349, utaona siku ya kwanza kama 30 hawako upande wowote, na siku ya pili karibu 50. Viti vingine vilikuwa wazi, na wapo walioumwa au kusafiri kwa haki kabisa. Lakini mbunge aliyekuwepo Juni 20 halafu jina lake likapotea Juni 25 ana swali la kujibu nyumbani, na swali hilo huwezi kuliuliza kama hukuziweka orodha mbili pamoja. Nimewaona watu wazima wakizilinganisha kwa kalamu, jina kwa jina, na wakinyamaza kabisa wanapofika herufi wanayoitafuta.

Fanya hivyo hivyo na Oktoba 8, 2024, siku ya hoja ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua: 281 waliunga mkono, 44 walipinga, mmoja akajizuia. Sitaki kuingia kwenye siasa za hoja hiyo. Angalia tu ukubwa wa namba. Jumla ni 326, kubwa kuliko ya kila moja ya zile siku mbili za Mswada wa Fedha. Kumbe wakitaka kuja, wanakuja.

Namna ya kuipata Hansadi: nenda tovuti ya Bunge, parliament.go.ke, chagua Bunge la Taifa au Seneti, tafuta Hansadi kwa tarehe. Bunge la Taifa hukutana Jumanne, Jumatano na Alhamisi saa nane na nusu mchana, na Jumatano pia saa tatu na nusu asubuhi, kwa hiyo Jumatano huwa na mafaili mawili. Ukikosa kitu kwenye la asubuhi usikate tamaa. Faili ni PDF, linaweza kuwa refu, na kwenye simu ndogo linachosha macho na kula bando. Tumia kitufe cha kutafuta ndani ya faili, andika jina la ukoo tu la mbunge. Chini ya kurasa utaona onyo kwamba nakala hii ya mtandaoni ni ya kutoa habari tu na kwamba iliyoidhinishwa hutolewa na mkurugenzi wa Hansadi. Kwa matumizi ya kawaida ya mwananchi inatosha. Kama unaenda nayo mahakamani, omba iliyoidhinishwa.

Lugha ndiyo inayonisumbua zaidi. Katiba, ibara ya 120, inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Hansadi huandika kwa lugha aliyoitumia msemaji, kwa hiyo mbunge akizungumza Kiswahili utamsoma kwa Kiswahili, na wa kwetu Pwani hufanya hivyo mara nyingi. Lakini maelezo ya Mzalendo yenyewe, vichwa, menyu na ripoti, kwa sehemu kubwa ni Kiingereza. Matokeo yake mimi ndiye mkalimani. Mzee aliyesoma mpaka darasa la nne anaweza kusoma hotuba ya mbunge wake vizuri sana, ila hafiki kwenye hotuba hiyo bila mtu wa kumbofyia. Naomba wahusika walifanyie kazi hili kwa uzito wote. Ni kazi ya kutafsiri maneno machache ya kwenye vitufe, na ingefungua mlango kwa maelfu.

Kitu kimoja kizuri ambacho hakisifiwi vya kutosha ni Dokeza, jukwaa lao la kusomea miswada na kuacha maoni kabla haijapigiwa kura. Katiba ibara ya 118 inalitaka Bunge lishirikishe umma, na magazeti hutangaza miswada kwa maandishi madogo ambayo nani anasoma? Mimi ningependa watu waje saibani wakati huo, wakiwa bado wanaweza kubadilisha kitu, kuliko kuja baada ya kura wakiwa na hasira. Wachache huja. Kina mama wa chama kimoja cha akiba walikuja kuusoma mswada pamoja, mmoja akisoma, mwingine akiandika kwenye daftari, na maoni waliyoyatoa yalikuwa na akili kuliko hotuba nyingi nilizozisoma.

Kwa hiyo, je, naipendekeza Mzalendo? Naipendekeza kwa moyo wote, kwa kusoma mbunge wako anasema nini na lini. Kwa kura, ianze safari hapo uimalizie kwenye Hansadi. Na mheshimiwa akija kwenye baraza na hundi za basari za CDF (mfuko wa maendeleo wa eneobunge), mpokee vizuri, basari ni haki ya watoto. Kisha mwulize kuhusu sheria iliyopitishwa mwezi ule kwa kura ya sauti, alisema nini, na kama alikuwa miongoni mwa waliosimama kuomba kura ihesabiwe kwa majina. Nenda na tarehe ya kikao mkononi; mwenye tarehe hajibiwi kwa pongezi.